Samaki wapya wanakufa, wa zamani wanaishi: uchambuzi wa kisa cha tangi la maji ya bahari

## Mazingira

Tangi lenyewe liko kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja ya ufukweni, kaskazini ya Mombasa. Majina ya hoteli na wahusika nimeyaacha, na mambo machache ambayo yangeitambulisha nimeyageuza.

Ukijumlisha tangi la kioo na tangi la chini lenye filta, maji yote yalikuwa karibu lita 1,200. Tangi lilikuwa na umri wa miaka 4, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo halikumsumbua mtu. Ndani yake waliishi samaki 11 wa siku nyingi: vitatange wawili, chafi watatu, kangaja mmoja mkubwa na wadogo watano wa matumbaweni. Walikuwamo pia viti vya pweza vinne na konokono wengi wa kusafisha mwani. Sakafuni kulikuwa na kokoto za matumbawe. Samaki wote walitoka bahari hii hii, kwa mvuvi mwenye leseni ya samaki wa mapambo.

Maji ya kubadilisha yalichotwa baharini, asilimia 10 kila wiki mbili. Huu ni utaratibu mzuri kwa mtu anayeishi pwani, mradi achote maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto au hori, na asichote wakati wa masika mvua ikiwa imemwaga tope baharini. Hoteli ilikuwa imeyazingatia hayo yote.

Mapema Desemba yalitokea mambo mawili katika wiki moja. Kipoza maji kiliharibika na kipuri chake kikawa cha kuagizwa kutoka nje, hivyo idara ya matengenezo ikafunga feni juu ya tangi la chini ili upepo uyapoze maji. Mhudumu wa tangi wa siku nyingi naye akamaliza mkataba, na kijana wa bustanini akapewa kazi yake. Makabidhiano yalikuwa ya mdomo: lisha mara mbili, safisha kioo, badilisha maji kila wiki mbili, na usiyaache maji yashuke chini ya mstari mwekundu.

Hakuna aliyemwambia maji ya kurudisha kwenye mstari ni maji gani.

## Mambo yalivyokwenda

Mwishoni mwa Januari, msimu wa wageni ukiwa umepamba moto, meneja aliagiza samaki wanne wapya: vitatange wawili na kangaja wawili wa buluu. Mifuko iliwekwa ielee tangini kwa dakika kama 20, kisha samaki wakamwagwa. Siku iliyofuata walikuwa wamejikusanya mbele ya mdomo wa pampu wakipumua haraka, rangi zimefifia, mbavu zimeingia ndani. Hawakula. Siku ya tatu wote walikuwa wamekufa. Samaki 11 wa zamani walikula kama kawaida.

Meneja alimlaumu mvuvi kwamba ameleta samaki waliochoka. Mvuvi akakubali kuleta wengine kwa nusu bei, na katikati ya Februari wakaja watano. Wakaanza kufa vile vile.

Hapo akaitwa mtu anayeuza vifaa vya matangi. Aliona samaki wapya waliobaki wakitweta, akaona vidoa viwili vitatu kwenye pezi la kangaja mkubwa, akasema ni ugonjwa wa madoadoa meupe, yaani kimelea kinachoitwa Cryptocaryon irritans. Akatia dawa ya shaba kwenye tangi lote.

Siku nne baadaye konokono walikuwa wamelala chali kwenye kokoto, viti vya pweza vimelegea na vinameguka, na maji yameanza kunuka. Sasa hata samaki wa zamani walikuwa juu, midomo ikigusa uso wa maji. Ndipo nikaitwa.

Nilipofika, maji yalikuwa meupe kama ya kunywa. Vipimo vilikuwa hivi: joto nyuzi 26, pH (kipimo cha ukali wa asidi) 8.2, amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na mizoga, miligramu 0.5 kwa lita, nitriti kidogo sana, nitrati 30. Haidromita ya hoteli, yaani chombo kinachopima chumvi kwa uzito wa maji, ile ya kisanduku cha plastiki chenye mshale, ilionyesha 1.025, ambacho ni kiwango kizuri cha bahari. Daftari la tangi lilionyesha 1.025 pia kwa kila wiki tangu Desemba.

Amonia ilieleza kwa nini samaki wa zamani walikuwa wanatweta siku hiyo. Haikueleza kwa nini wapya walikufa Januari, kwa sababu daftari lilionyesha amonia sifuri mwezi wote ule, na kipimo cha matone kilikuwa kizima.

Nilimuuliza kijana wa tangi anajaziaje maji. Akanionyesha mitungi ya lita 20 iliyopangwa ukutani. Alikuwa anateka baharini kila asubuhi.

"Fundi, hawa ni samaki wa bahari," akasema. "Nikiwatilia maji ya bomba si nitawaua?"

Swali la haki kabisa. Nilimjibu kwa mfano wa jikoni: mchuzi ukikauka motoni, mpishi huongeza maji, haongezi mchuzi mwingine wenye chumvi yake. Maji yanayopotea tangini yanapaa hewani matupu, chumvi inabaki. Akanyamaza kidogo, akaitazama mitungi yake, kisha akauliza: "Sasa ile chumvi yote niliyotia iko wapi?" Alikuwa ameelewa.

## Kupima upya

Kabla ya kugusa maji nilitaka kuwa na hakika, maana haidromita ilikuwa inapingana na maelezo. Nilitumia refraktomita, chombo kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, iliyosawazishwa kwa kimiminika maalumu cha chumvi 35 kwa elfu, yaani gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Ilisoma 41 kwa elfu. Kwa lugha ya haidromita, hiyo ni karibu 1.031.

Kisha nikakitazama kile kisanduku cha plastiki kwa karibu. Mshale wake ulikuwa na utando mweupe, mgumu, kama ule unaokaa ndani ya birika. Utando ule ni uzito. Mshale mzito hauinuki vizuri, basi husoma chumvi chini ya ilivyo. Tukaupeleka ufukweni maji yakiwa yamejaa na kupima bahari yenyewe: ulisoma 1.020. Bahari ya Hindi mbele ya hoteli ile, wakati wa kaskazi na bila mvua, haiwezi kuwa 1.020, ni karibu 1.026. Tukauloweka kwenye siki, utando ukachemka vipovu na kutoka, tukapima tena. Bahari ikasoma karibu 1.026, na tangi 1.031.

Mhudumu wa zamani alikuwa akiuosha mshale kwa siki kila mwezi, lakini halikuandikwa popote. Alipoondoka, utando ukaanza kukua wakati ule ule chumvi ilipoanza kupanda. Makosa mawili yakaenda sambamba na kufichana: maji yanazidi chumvi, mshale unazidi uzito, namba inabaki 1.025 wiki baada ya wiki.

Hesabu pia ilikubali. Tulizuia kujazia kwa siku moja na kupima kilichopungua: lita 5. Kila lita 5 za bahari zina gramu 175 za chumvi. Tangi la lita 1,200 lenye chumvi 35 kwa elfu lina kilo 42 za chumvi. Ukiongeza gramu 175 kila siku, kwa wiki nne tu umeshatia karibu kilo 5. Kubadilisha asilimia 10 kila wiki mbili kulirudisha nyuma kidogo, ila hakukuweza kushindana na kile kilichoingia kila asubuhi. Kuanzia mapema Desemba hadi katikati ya Februari, kufika 41 si ajabu.

Feni ndiyo iliyokuwa injini ya mambo yote. Upepo hupoza maji kwa kuyafanya yapae, na ukumbi ulikuwa na kiyoyozi kinachokausha hewa mchana na usiku. Zamani tangi lile lilipoteza lita 2 kwa siku, kwa kumbukumbu za mhudumu wa kwanza tuliyempigia simu. Na alipokuwa akijazia, alitumia maji ya mashine ya kuondoa chumvi iliyoko jikoni.

## Maamuzi na sababu zake

Kulikuwa na shida mbili zinazotaka mwendo tofauti. Amonia ilitaka haraka. Chumvi ilitaka subira.

Kwa nini amonia iwe ya haraka? Katika maji, amonia hukaa kwa sura mbili, na ile yenye sumu kali huongezeka pH inapopanda. Kwa pH 8.2 na joto la nyuzi 26, karibu sehemu 7 kwa 100 ya amonia yote ni ile ya sumu. Amonia hiyo hiyo katika tangi la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, lenye pH 7.2 isingefika sehemu 1 kwa 100. Ndiyo maana mtu aliyezoea samaki wa maji baridi huona 0.5 akapuuza, na katika maji ya bahari 0.5 inaunguza mashavu ya samaki. Nitriti ni kinyume chake: kloridi iliyojaa katika maji ya bahari huizuia isiingie kwa urahisi mwilini mwa samaki, kwa hiyo nitriti ile ndogo haikunitia wasiwasi.

Njia ya kwanza ambayo wengi wangeikimbilia ni dawa ya kufunga amonia. Niliikataa kwa sababu ya shaba iliyokuwa majini. Baadhi ya dawa hizo huibadilisha shaba ikawa kali zaidi, na baadhi ya chupa za dawa ya shaba zenyewe huonya zisichanganywe. Tukafanya kazi ya mikono: kutoa kila mzoga wa konokono na kiti cha pweza, maana hao ndio waliokuwa kiwanda cha amonia; kuacha kulisha siku mbili; kuongeza pampu ya hewa; kuweka kaboni hai kwenye filta ili ianze kunyonya shaba; na kubadilisha asilimia 20 ya maji.

Asilimia 20 kwa sababu hoteli ilikuwa na lita 250 tu za maji ya bahari safi yaliyotulia kwenye tangi la akiba. Kuteka mengine ufukweni na kuyamimina papo hapo kungeleta joto na uchafu nisioujua katika siku ambayo samaki hawakuwa na nguvu ya kuvumilia jambo jipya. Maji hayo ya 35 pia yaliishusha chumvi kutoka 41 hadi karibu 40.

Kuhusu chumvi, tuliamua kuishusha kwa wiki moja. Kila siku tulitoa lita 25 za maji ya tangi na kurudisha lita 25 za maji yasiyo na chumvi, mbali na zile 5 za kufidia yaliyopaa. Hilo hushusha takriban 0.8 kwa elfu kwa siku. Samaki wa mifupa wa baharini wangeweza kuvumilia mwendo wa kasi zaidi kwenda chini; kuna hata tiba ya madoadoa meupe inayowashusha hadi 1.009. Nilikwenda polepole kwa sababu mashavu yao yalikuwa yameshaguswa na amonia na shaba, na kwa sababu bakteria wa filta, wanaoila amonia, nao ni viumbe. Sikutaka kuwayumbisha wakati nawahitaji kuliko siku zote. Tangi lingekuwa na papa au taa ningepanga upya kabisa, kwani hao huhifadhi urea damuni na hushughulika na chumvi kwa namna yao.

Maji yasiyo na chumvi yatoke wapi lilikuwa swali zito kuliko linavyosikika. Kisima cha hoteli, kama visima vingi vya ufukweni, kina maji ya chumvichumvi; ukiyatumia unarudisha tatizo kwa mlango wa nyuma. Maji ya bomba yana klorini. Mashine ya jikoni ilikuwa hatua chache kutoka ukumbini, inatoa maji safi ya kunywa, na ndiyo iliyotumika miaka yote kabla. Tuliyaacha maji hayo usiku kucha na pampu ya hewa ndani yake kabla ya kuyatia.

Uamuzi wa mwisho ulihusu joto, na hapa nilibishana kidogo na idara ya matengenezo. Feni ilikuwa inawashwa ili maji yasizidi nyuzi 26 kwa sababu karatasi iliyokuja na tangi ilisema hivyo. Samaki hawa wamezaliwa katika bahari inayofika nyuzi 28 au 29 kila mwisho wa kaskazi na kushuka karibu na 25 wakati wa kusi. Kuwaweka kwenye 27 au 28 mwezi wa Februari si kuwatesa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, ni kweli, na maji ya chumvi hubeba kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi. Lakini dawa ya hilo ni kuutikisa uso wa maji. Tukaipunguza feni iwashwe mchana tu, na maji yaliyopaa yakashuka hadi lita 3.

## Matokeo

Amonia ilishuka chini ya kiwango cha kusomeka siku ya tano. Chumvi ilifika 35 wiki ilipoisha. Kati ya samaki 11, wawili walikufa: chafi mmoja usiku ule ule niliofika, na mdogo mmoja siku ya tatu. Tisa waliobaki walianza kula, kangaja mkubwa akiwa wa mwisho. Vile vidoa kwenye pezi lake havikuongezeka wala kuenea kwa wengine. Nadhani yalikuwa makovu, kwa sababu kimelea kile huanguka kutoka kwa samaki, huzaana kwenye sakafu na kurudi kwa wingi. Katika tangi lenye samaki waliodhoofika hivyo kisingetulia.

Viti vya pweza vyote vilikufa, na konokono karibu wote.

Mwezi uliofuata waliletwa samaki watatu kutoka kwa mvuvi yule yule aliyelaumiwa. Waliwekwa kwanza kwenye tangi la karantini kwa wiki nne, kisha wakazoeshwa kwa mpira mwembamba unaodondosha maji ya tangi kwenye ndoo yao. Chumvi ilipimwa pande zote mbili kabla. Wote wako hai.

## Uchambuzi

Dalili iliyoeleza kila kitu ilikuwapo tangu Januari, mbele ya macho ya kila mtu: wapya wanakufa, wa zamani wanaishi. Ugonjwa ulioletwa na wapya kwa kawaida huwagusa na wenyeji baada ya siku chache. Sumu majini huwagusa wote. Tofauti ya maji huwagusa wale tu waliovuka kutoka maji haya kwenda yale. Wenyeji walikuwa wamepandishwa kutoka 35 hadi 41 kwa muda wa wiki nyingi, kidogo kidogo, na miili yao ikajipanga. Wageni waliruka pengo lile kwa dakika 20.

Inafaa kuona kinachotokea ndani ya mwili wa samaki. Damu ya samaki wa bahari ina chumvi karibu theluthi moja ya ile ya maji yanayomzunguka. Kwa hiyo maji humtoka saa zote kupitia mashavuni, naye huyafidia kwa kunywa bahari, kisha hutoa chumvi iliyozidi kwa seli maalumu za mashavuni na kukojoa kidogo sana. Mtupe ghafla katika maji ya chumvi zaidi, na maji yatamtoka upesi kuliko seli zile zinavyoweza kuongeza kazi. Mbavu zinazoingia ndani, rangi inayofifia, kupumua haraka: yule samaki ana kiu, amezungukwa na maji. Tangi lilikuwa linamkausha.

Namba 41 yenyewe si ya kutisha. Bahari ya Shamu na Ghuba zina sehemu zinazofika 40 na kuzidi, na kuna samaki wanaostawi huko. Msomaji anayefuga samaki Dubai au Maskati akitumia maji ya pwani yake apime kwanza ya kwake, asidhani 35 ndiyo bahari ya kila mahali. Kilichoua hapa ni pengo na kasi.

Dawa ya shaba ndilo kosa lililogharimu zaidi, na ni kosa la utaratibu kuliko la ujinga. Shaba inatibu madoadoa kweli. Lakini huua konokono, viti vya pweza na jamii yao kwa kiwango kile kile kinachomponya samaki, na ndiyo sababu mahali pake ni tangi la karantini lisilo na kokoto. Hakuna darubini iliyotumika, hakuna samaki aliyekaguliwa shavu, na hakuna aliyeuliza kama chumvi ya mfuko wa mvuvi ni sawa na ya tangi. Ilitiwa kwa sababu samaki walikuwa wanatweta, na kutweta ni lugha ya samaki kwa kila shida aliyonayo.

Kijana wa tangi hakukosea kwa uvivu. Alikuwa akibeba mitungi kutoka ufukweni kila asubuhi, kazi nzito kuliko ya kufungua bomba la jikoni. Alipewa mstari wa kufuata akaufuata kwa uaminifu. Mstari mwekundu unapima wingi wa maji, haupimi chumvi, na aliyeuchora alijua hivyo akaondoka na ujuzi wake. Baada ya kisa hiki mitungi ilipakwa rangi: ya buluu kwa maji ya kubadilisha, myeupe kwa maji ya kujazia, na mitungi ya buluu haikai tena karibu na tangi. Ninaliona hilo lina faida kuliko semina yoyote ambayo hoteli ingeweza kumpeleka.

Daftari nalo linahitaji kusemwa. Kuandika 1.025 kila wiki kwa wiki kumi mfululizo hakukutosha, kwa kuwa hakuna aliyekikagua chombo chenyewe. Sasa daftari lina safu mbili mpya: lita zilizojaziwa, na kipimo cha bahari kwa chombo kile kile siku ile ile. Hii ya pili haigharimu chochote kwa mtu aliye ufukweni. Bahari iliyo wazi, nje ya msimu wa mvua, ni kipimo cha kukagulia chombo, na mshale ukianza kuionyesha 1.022 unajua tatizo ni la mshale.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni kukataa kuunganisha shida mbili kuwa moja. Tungefukuza chumvi kwa kasi ya amonia, tungewayumbisha samaki waliokwisha dhoofika. Tungengoja amonia kwa subira ya chumvi, tungewazika.

Ambacho hakikufanya kazi vizuri ni kaboni. Ilipunguza shaba ya majini, lakini kokoto za matumbawe zilikuwa zimenyonya sehemu yake na zinairudisha kidogo kidogo. Kipimo cha shaba kilisoma sifuri wiki ya tatu, kikasoma tena kidogo wiki ya tano. Tumeondoa nusu ya kokoto na kuweka nyingine zilizooshwa. Nusu ya pili itatoka mwezi ujao, ili bakteria wanaoishi humo wasiondolewe wote kwa pamoja. Baada ya hapo tutaweka konokono mmoja na kumwangalia kwa wiki mbili kabla ya kuleta wengine. Viti vya pweza vitangoja zaidi.